Leaf na adui yake joto

Kiangazi cha mwaka 2012, wenye magari ya Nissan Leaf mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, walianza kulalamikia vijiti. Kwenye dashibodi ya Leaf, kando ya kipimo cha chaji, kuna vijiti vyembamba 12. Havionyeshi umeme uliobaki. Vinaonyesha betri yenyewe bado ina uwezo gani wa kubeba umeme, yaani afya yake. Kijiti cha juu kilizimika kisiwake tena, hata gari lichajiwe usiku kucha. Baadaye kikafuata cha pili. Kijiti cha kwanza kikizimika, maana yake betri imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata kinaondoka na zaidi ya asilimia 6 nyingine. Magari hayo yalikuwa hayajatimiza hata miaka miwili.

Nissan iliyachukua baadhi ikayapima katika kituo chake cha majaribio humo humo Arizona. Wenye magari hawakuridhika na maelezo waliyopewa, kesi ikafunguliwa mahakamani, na hatimaye kampuni ikatoa kitu ambacho haikuwa imekitoa mwanzoni: dhamana ya uwezo wa betri. Vijiti vikipungua chini ya 9 ndani ya miaka 5 au kilomita zipatazo 96,000, betri itarekebishwa au kubadilishwa bila malipo.

Mwezi Juni 2025 Nissan ilionyesha kizazi cha tatu cha Leaf, na safari hii si tena lile gari fupi la milango mitano bali ni krosova: limeinuka kidogo, paa linateremka nyuma, matairi ni makubwa. Magazeti ya magari yakaandika sana kuhusu sura. Kwangu mimi, badiliko kubwa limefichwa chini ya sakafu, nalo ni mabomba ya maji ya kupozea betri. Imechukua miaka 15 kufika hapo.

Mizizi ya gari hili ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1947 Japani ilikuwa imetoka vitani, petroli ilitolewa kwa mgao, lakini umeme wa maporomoko ya maji ulikuwepo na viwanda vya kuutumia vilikuwa vimeteketea. Wahandisi waliokuwa wakiunda ndege katika kampuni ya Tachikawa, na ambao sasa hawakuwa na ndege za kuunda, wakatengeneza gari dogo la umeme lililoitwa Tama. Lilikwenda kilomita 35 kwa saa, na chaji moja ilitosha kilomita 65 hivi. Betri zake za risasi zilikaa kwenye masanduku yenye magurudumu madogo pande mbili za gari, ili zilizokwisha zitolewe haraka na zilizojaa ziingizwe. Tama zilitumika hata kama teksi. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950 risasi ikapanda bei, petroli nayo ikaanza kupatikana, na Tama ikafa kifo cha kawaida. Kampuni iliyoiunda ikaja kuitwa Prince, na mwaka 1966 Prince ikaungana na Nissan.

Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991 kwa ajili ya vifaa vidogo vya kielektroniki, Nissan ilikuwa miongoni mwa waliowahi kujiuliza kama zinaweza kusukuma gari. Miaka ya tisini iliunda magari machache ya majaribio, likiwemo Altra lililofika Marekani. Mwaka 2007 ikashirikiana na kampuni ya elektroniki ya NEC kuanzisha kampuni ya kutengeneza betri zake yenyewe. Hatua hiyo ndiyo iliyowezesha Leaf, kwa sababu wakati huo hakukuwa na duka la kununulia betri za gari kwa maelfu.

Carlos Ghosn, aliyekuwa akiongoza Nissan na Renault kwa pamoja, aliizindua Leaf mwezi Agosti 2009 katika makao makuu mapya ya kampuni mjini Yokohama. Aliahidi kwamba kufikia 2016 makampuni hayo yangekuwa yameuza magari ya umeme milioni 1.5. Hayakukaribia. Hata hivyo Leaf ilipoingia sokoni Desemba 2010, nchini Japani na Marekani, ilikuwa na jambo jipya: viti vitano, buti la kutosha, hewa baridi, na bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa nchi tajiri angeweza kuifikiria. Mitsubishi i-MiEV ilikuwa imetangulia, lakini ilikuwa gari dogo mno kwa familia. Mwaka 2011 Leaf ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya na ile ya dunia.

Tuingie sasa chini ya sakafu. Betri ya Leaf ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24, na uzito wake ulikaribia kilo 300. Ndani yake mlikuwa na seli 192. Seli moja ni bapa kama bahasha kubwa ya ofisini: urefu karibu sentimita 29, upana 22, unene usiofika sentimita 1, imefungwa kwa karatasi ya alumini. Seli nne nne ziliwekwa kwenye kijaluba cha metali, vijaluba 48 vikapangwa kwenye sanduku moja lililozibwa kabisa, likafungwa chini ya viti. Hakuna feni ndani yake wala bomba la maji, wala hewa ya kiyoyozi haifiki humo. Joto linatoka lenyewe, polepole, kupitia ukuta wa sanduku.

Wahandisi hawakusahau. Waliamua hivyo. Mfumo wa kupoza ni uzito, ni nafasi, ni pesa, na ni pampu na mabomba yanayoweza kuvuja. Mota ya kilowati 80 haikuichosha betri kupita kiasi, na katika majiji ya Japani hesabu yao ilielekea kukubali. Lakini mwezi ule ule wa Desemba 2010, Chevrolet Volt iliingia sokoni ikiwa na betri inayopozwa kwa maji. Tesla Roadster nayo ilikuwa hivyo tangu 2008. Kwa hiyo haiwezekani kusema ujuzi haukuwepo.

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba betri ya lithiamu haizeeki kwa safari peke yake, inazeeka hata ikiwa imeegeshwa. Ndani ya seli, kimiminika kinachopitisha chaji hujibizana taratibu na kemikali zilizo pembeni yake, na kila mjibizano hula kidogo ya ile lithiamu inayobeba umeme. Joto likiongezeka mjibizano unakwenda kasi zaidi, na betri ikiwa imejaa pomoni unazidi tena. Phoenix hupita nyuzi 40 za Selsiasi kwa wiki nzima, na lami ya maegesho ya ofisini ni moto kuliko hewa. Gari linaloachwa hapo kutwa, limechajiwa asilimia 100 kama kitabu kilivyoruhusu, linajimaliza lenyewe bila kwenda hata hatua moja.

Nchini Norway mambo yalikwenda kinyume. Baridi hupunguza umbali wa safari, dereva analalamika asubuhi, lakini betri inadumu. Mwaka 2018 Leaf ndiyo ilikuwa gari jipya lililouzwa kuliko jingine lolote Norway, la petroli au la umeme. Nyumbani Japani nako lilijipatia heshima kwa njia isiyotarajiwa: baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, umeme ulirudi sehemu nyingi kabla ya petroli, na Leaf zikatumika kwenye maeneo ya maafa. Mwaka uliofuata Nissan ikaanza kuuza kifaa cha kurudisha umeme wa gari ndani ya nyumba. Wazo hilo limekuwa la kawaida leo, na wanaolitangaza kama jipya wangepaswa kuitaja Leaf angalau mara moja.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa Phoenix ilikuwa kemia. Leaf za mwaka wa modeli 2015 zilipewa seli zinazovumilia joto zaidi, nazo zikapachikwa jina la betri ya mjusi, kwa vile mjusi huota jua bila kudhurika. Mwishoni mwa 2015 ikaja betri ya kilowati-saa 30. Kizazi cha pili kilichozinduliwa Septemba 2017 kikawa na 40, kisha 2019 ikapatikana ya 62, na umbali uliopimwa na serikali ya Marekani ukapanda kutoka kilomita 117 za mwanzo hadi kilomita 364. Wahandisi wenyewe walijua njia nyingine: gari la mizigo la e-NV200, lililotumia vifaa vingi vya Leaf, lilipozewa betri yake kwa hewa ya kiyoyozi. Leaf haikupewa hata hicho.

Mwaka 2018 joto likarudi kwa mlango mwingine. Waliokwenda safari ndefu na Leaf ya kilowati-saa 40 waligundua kwamba chaji ya haraka ya kwanza ni ya haraka kweli, ila ya pili inakokota. Betri ilikuwa imeshapata moto barabarani na kituoni, haina pa kuupeleka, na kompyuta ya gari inapunguza umeme ili kuilinda. Nissan ilibadilisha programu, hali ikapata nafuu, lakini programu haipozi kitu. Mapema mwaka 2020 Tesla Model 3 ikaipita Leaf kwa jumla ya mauzo ya tangu mwanzo. Gari lililofungua njia likabaki nyuma kwenye njia hiyo hiyo.

Krosova ya 2025 imejengwa juu ya msingi wa Ariya, gari la umeme la Nissan lililo kubwa kuliko Leaf, ambalo tangu mwanzo lilikuwa na betri inayopozwa kwa maji. Betri ni mbili, ya kilowati-saa 52 na ya 75, na toleo la juu lina mota ya kilowati 160. Mota, kibadilisha umeme na gia vimeunganishwa kuwa kifaa kimoja. Maji yanayopita kwenye betri huipoza wakati wa joto na huipasha wakati wa baridi, na ukiielekeza ramani ya gari kwenye kituo cha chaji, gari huanza kuiandaa betri kabla hujafika. Nchini Marekani toleo la umbali mrefu limepimwa kilomita 488. Umbo limeboreshwa lipasue upepo vizuri, na kwa soko la Ulaya gari linaundwa Sunderland, Uingereza, kama zilivyoundwa Leaf za Ulaya tangu 2013. Kiwanda cha Oppama nchini Japani, kilikozaliwa Leaf ya kwanza, Nissan imetangaza kwamba kitaacha kuunda magari kufikia Machi 2028.

Huku kwetu Afrika Mashariki Leaf zinazoonekana ni za vizazi viwili vya kwanza, zikitokea Japani zikiwa zimetumika, usukani kulia. Nairobi ilizizoea mapema: mwaka 2018 kampuni ya teksi ya Nopia Ride, yenye mizizi Finland, ilianza kusafirisha abiria kwa Leaf. Hali ya hewa ya Nairobi inazifaa. Mombasa na Dar es Salaam si Phoenix, lakini joto lake halina msimu wa kupumzika, na Leaf inayoegeshwa juani imejaa chaji itazeeka upesi. Ni afadhali kivulini, na chaji iishie asilimia 80 kama hakuna safari ndefu kesho.

Anayetaka kununua Leaf ya mtumba asiishie kuuliza limetembea kilomita ngapi. Ahesabu vijiti, ila asiviamini peke yake, kwani kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu na vijiti vyote 12 vikawaka, kisha vikaanza kuzimika baada ya muda. Achomeke kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari chini ya usukani na atumie programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayotaja afya ya betri kwa asilimia. Kama ni ya kilowati-saa 30, aulize iwapo iliwekewa programu mpya ya mwaka 2018, kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa ikipima vibaya. Ahakikishe pia kwamba mjini kwake kuna kituo chenye plagi ya CHAdeMO, aina ambayo Leaf hizi hutumia kwa chaji ya haraka, maana magari mengi mapya yamehamia aina nyingine. Muuzaji akikataa gari lipimwe, amwachie gari lake.