Kanzu Nyeupe, Theluji Nyeupe

Picha yangu ya kwanza Hjulsta, kitongoji cha Stockholm, nilimpiga mama mdogo na wanawe nje ya stesheni, theluji imewafika magotini. Theluji ikatoka rangi ya majivu, na wao wakatoka makoti matupu: nyuso zimemezwa na kiza.

Niliilaumu kamera, kumbe yafanya ilivyofunzwa. Kipima mwanga huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na anayelipa ni mwenye ngozi nyeusi.

Mafundi wa kwetu Unguja waliishi na shida hiyo kila siku, maana kanzu ni theluji yetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, na Mombasa N. V. Parekh akafungua yake 1942. Ninayo picha ya babu, ya studio. Kanzu ina mikunjo, kofia inaonesha tundu za sindano, na uso unang'aa mpaka kovu la kidevuni. Bibi husema fundi alimgeuza babu kuelekea taa mara tatu ndipo akapiga. Siku hizo filamu ilikuwa ghali, hapigi ovyo mtu.

Filamu za rangi zilikuja na ubaya wake. Tangu miaka ya 1950 maabara zililinganisha rangi kwa picha ya mwanamke mweupe, "kadi ya Shirley". Waliofanya kazi Kodak, kampuni ya filamu, wamesimulia kwamba kilichowashtua hasa ni malalamiko ya wauza chokoleti na samani za mbao, kwamba rangi zao za kahawia hazitoki vizuri. Sisi tulikuwepo muda wote!

Mwaka 1975, treni ilipofika Hjulsta kuwahudumia watu wa majengo ya mpango wa Sweden wa nyumba milioni moja, Steve Sasson wa Kodak alikamilisha kamera ya kidijitali ya kwanza: kilo 3.6, nukta 10,000, sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti.

Leo simu hupiga kabla hujapepesa, lakini kijivu ni kilekile. Basi gusa uso wa mtu kwenye kioo, kijua cha kuongeza mwanga kikitokea kipandishe kidogo, na mgeuze aelekee mwanga. Na Desemba usichelewe, jua la huku huzama kabla ya saa tisa alasiri.