Kukodi boti ya siku nzima ziwani Kivu: mambo ya kujua mbele ya kupanda

Siku ya Mungu asubuhi, watu wa Goma wenye uwezo kidogo wanapigiana simu. Wanakuwa wanane ao kumi, kila mutu anatoa sehemu yake, wanakodi boti moja kwa siku nzima. Wanabeba mbuzi ya kuchoma, sambusa, vinywaji, na siku hizi kuko hata wenye kubeba miwani ya kuangalia chini ya maji na mrija wa kupumulia, kama wanavyoona kwenye picha za Zanzibar. Je, inawezekana kwetu? Inawezekana. Lakini Kivu haiko sawa na bahari, na kuko mambo ambayo mwenye boti hatakuambia.

Boti za kitalii zenye matumbo mawili, zinazoitwa katamarani, ni adimu hapa. Lakini wavuvi wetu wana akili ya namna ile tangu zamani: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa, taa zinawashwa usiku na sambaza wanafuata mwangaza. Neno katamarani lenyewe linatoka Kitamil, luga ya kusini mwa India, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Sambaza nao ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Fasi inayotajwa sana kwa matembezi ni Tchegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga, mabaki ya mdomo wa volkeno ya zamani. Kutoka pale, hewa ikiwa safi, unaona Nyiragongo na Nyamulagira. Kisiwa kile ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, kwa hiyo hushuki ovyo: uliza kwanza kama wanapokea wageni. Idjwi ni kubwa na mbali zaidi; kwa kwenda na kurudi siku moja, muda mwingi utaishia njiani. Kumbuka pia kwamba mpaka wa Rwanda unapita katikati ya maji na hauna ukuta. Nahodha asiyeujua vizuri anaweza kuwaingiza matatani.

Chini ya maji, usitazamie matumbawe. Utaona mawe meusi ya lava, tilapia, na samaki wadogo wa jamii ya haplokromi, ambao baadhi yao hawapatikani ziwa lingine lolote. Ziwa Tanganyika lina aina za samaki nyingi mara kadhaa kuliko Kivu. Mwenye kutaka samaki wa rangi aende Kalemie ao Uvira. Hapa oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu, chini zaidi samaki hawezi kuishi. Uzuri ni kwamba hakuna mamba. Kwenye majani na maji yaliyotulia epuka kuoga, juu ya konokono wanaobeba kichocho.

Sasa gazi, swali ambalo kila mutu anauliza. Ziwa lina kina cha karibu mita 485, na mule chini mumejaa gazi ya kaboni na metani. Uzito wa maji unaifunga huko, zaidi ya mita 250 kwenda chini. Mwenye kuogelea juu haifikii. Ndiyo, mwaka wa 1986 gazi ya ziwa Nyos, Kamerun, iliua watu zaidi ya 1,700, na ndiyo sababu wataalamu wanaangalia Kivu kila wakati. Lakini hatari ya kila siku iko ufukoni: mazuku. Gazi ya kaboni inatoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde, hasa upande wa Bulengo, Ziwa Kijani na ghuba ya Kabuno. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo mtoto na mbwa wanaanguka mbele ya mtu mzima. Asubuhi mapema bila upepo ni mbaya zaidi. Mukishuka kula, tandikeni fasi ya juu, si shimoni. Mutu akianguka shimoni, usimkimbilie kichwa chini; wengi wamekufa wakiokoa.

Na jambo ambalo limetuua zaidi si gazi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiona kutoka ufukoni. Makumi walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wanaokodi boti yao peke yao wanafikiri hilo haliwahusu, kisha wanaongeza shemeji, jirani na masanduku ya bia.

Mbele ya kulipa, hesabu majile kwa mkono wako, na uvae ukiwa bado bandarini, hata kama unajua kuogelea. Maji haya yako kwenye mita 1,460 juu ya bahari, ukikaa ndani mrefu mwili unapoa. Uliza moteri ya pili ao makasia viko wapi. Acha majina ya wote kwa mutu anayebaki mjini. Ondokeni mapema: mchana upepo unaamka, na katika masika radi inapiga sana upande wetu, eneo la Sake likiwa kati ya yale yanayopigwa zaidi Afrika. Wingu jeusi likitokea juu ya milima, kurudi ni kabla ya saa tisa, chakula kitaliwa nyumbani.