Noor Inayat Khan, mpiga simu aliyekataa kuondoka Paris

Mtambo wa simu ya upepo ulifichwa ndani ya sanduku la kawaida la safari, na uzito wake ulikaribia kilo 15. Kabla ya kuutumia ilibidi mpigaji atandaze waya mrefu wa antena dirishani au mtini, kisha aketi apige alama za Morse kuelekea London, huku magari ya Wajerumani yenye vyombo vya kunasa mawimbi yakizunguka mitaani kumsaka. Wakuu wa kazi hiyo walikadiria kwamba mpiga simu za upepo ndani ya Ufaransa angedumu wiki sita hivi kabla ya kukamatwa. Noor Inayat Khan alidumu karibu miezi minne.

Alizaliwa Moscow tarehe 1 Januari 1914. Baba yake, Hazrat Inayat Khan, alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka Baroda, India, wa ukoo wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyeuawa akipigana na Waingereza mwaka 1799. Mama yake alikuwa Mmarekani. Familia ilihamia Suresnes, kando ya Paris, na baba alipofariki mwaka 1927, binti huyo wa miaka 13 ndiye aliyewatunza wadogo zake watatu na mama aliyezama katika majonzi. Alisoma saikolojia ya watoto Sorbonne, akajifunza kinubi, akaandika hadithi za watoto. Kitabu chake cha hadithi za Jataka kilitoka mwaka 1939.

Wajerumani walipoingia Ufaransa mwaka uliofuata, familia ilikimbilia Uingereza. Nyumbani kwao walikuwa wamefundishwa kutodhuru kiumbe. Hata hivyo Noor na mdogo wake Vilayat waliona kwamba kukaa kando wakati Wanazi wanaangamiza watu ni dhambi kubwa zaidi. Akajiunga na jeshi la anga la wanawake, akafunzwa simu za upepo. Katika usaili mmoja aliulizwa kuhusu India, naye akajibu bila kuficha kwamba vita vikiisha huenda akawaunga mkono wanaodai uhuru. Nampenda kwa jibu hilo. Alikuwa mbele ya maofisa wa dola iliyoitawala nchi ya baba yake, na hakuona sababu ya kuwadanganya.

SOE, idara ya siri iliyopeleka majasusi katika nchi zilizotekwa, ilimchukua kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa safi na wapiga simu walikuwa adimu. Wakufunzi hawakumwamini. Waliandika kwamba ni mwoga wa silaha na kwamba kusema uongo kunamshinda. Mkuu wa kitengo cha Ufaransa, Maurice Buckmaster, aliwapuuza. Usiku wa tarehe 16 Juni 1943 ndege ndogo ilimshusha Ufaransa akiwa na vitambulisho vya yaya aitwaye Jeanne-Marie Renier. Jina lake la kazi lilikuwa Madeleine.

Hata wiki mbili hazikutimia kabla mtandao aliopelekwa kuutumikia, ulioitwa Prosper, haujasambaratika. Kiongozi wake, Francis Suttill, alikamatwa, na wenzake kwa makumi wakafuata. London ilimtaka Noor arudi. Alikataa, kwani angeondoka, Paris ingebaki bila mtu wa kuwasiliana na London. Tangu hapo akawa mtu wa kuhama na sanduku lake, nyumba hadi nyumba, akibadili rangi ya nywele.

Oktoba alisalitiwa kwa fedha, akapelekwa namba 84 Avenue Foch, makao ya polisi wa siri wa Kijerumani. Alijaribu kutoroka kupitia dirisha la bafu, akakamatwa. Novemba alipanda hadi juu ya paa pamoja na wafungwa wawili, wakanaswa tena. Alipotakiwa kutia saini ahadi ya kutotoroka, hakutia. Akapelekwa gereza la Pforzheim, Ujerumani, akafungwa peke yake, mikono na miguu katika minyororo, kwa takriban miezi kumi.

Kosa lake kubwa lilikuwa daftari. Alitunza humo nakala za ujumbe wote aliotuma, kinyume cha kanuni, na yasemekana alielewa vibaya agizo la kuhifadhi kumbukumbu. Wajerumani walilitumia kupiga simu London kana kwamba ni yeye. Lawama haiwezi kuwa yake peke yake. Ofisi ya SOE ya Baker Street iliendelea kuuamini ujumbe huo hata ilipopata sababu za kushuku, na mwisho wa Februari 1944 ikawashusha majasusi kwa parachuti mahali ambapo Gestapo walikuwa wanawasubiri. Mmoja wao alikuwa Madeleine Damerment.

Noor na Damerment waliishia pamoja katika kambi ya Dachau. Alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1944 walipigwa risasi pamoja na Yolande Beekman na Eliane Plewman. Noor alikuwa na miaka 30.

Vita vilipokwisha, Vera Atkins wa SOE alikwenda Ujerumani kuwatafuta waliopotea. Akamhoji Hans Kieffer, aliyekuwa mkuu wa Avenue Foch. Kieffer alikiri kwamba binti yule, ambaye wakufunzi walisema uongo unamshinda, hakuwapa habari yoyote ya maana. Mwaka 1949 Uingereza ilimtunuku Msalaba wa George.