Fishi iliyobaki njiani: kisa cha Eldoret na OpenMRS

Familia inayokimbia vita hubeba watoto, sufuria na godoro. Fishi ya hospitali mara nyingi hubaki nyuma. Anayefika Bel-Air, katika commune ya Kampemba, bila fishi huanza upya mbele ya muuguzi: alikunywa dawa gani, tangu lini, vipimo vilisema nini. Mtu wa dawa za kila siku hana nafasi ya kukosea majibu hayo.

Eldoret, mji wa magharibi mwa Kenya, nao ulipita njia hiyo. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilianzisha AMPATH ili kutibu wagonjwa wa UKIMWI. Kumbukumbu ziliwekwa kwanza katika programu ndogo iliyotengenezwa kwa kituo cha afya cha Mosoriot. Wagonjwa wakaongezeka, programu ikazidiwa. Mwaka 2004 madaktari wawili wajuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika kuitazama, wakaona afadhali kujenga upya. Ndipo ikazaliwa OpenMRS. Februari 2006 ilianza kazi Eldoret, na mwaka ule ule ikafika Rwinkwavu, Rwanda.

Lakini kila hospitali ina mahitaji yake. Wajenzi wakatengeneza kiini kimoja, kisha wakaacha nafasi ya kuongeza vipande vinavyoitwa moduli. Waprogramu walikuwa wameizoea njia hiyo. Eclipse, chombo cha kuandikia programu ambacho IBM ilikitoa bure mwaka 2001, kina kiini kidogo, na karibu mengine yote ni plagini. Ni kama prizi ukutani: fundi havunji nyumba ili kuwasha redio.

Anayejifunza kutengeneza plagini ya Eclipse hukutana mapema na faili ya plugin.xml, inayosema kipande hicho kinashikamana wapi na kiini. Katika moduli ya OpenMRS faili ya namna hiyo ni config.xml: inataja jina la moduli, toleo lake, na toleo la kiini linalotakiwa. Kazi yenyewe huandikwa kwa Java, vyote hufungwa katika faili moja ya .omod, na msimamizi wa hospitali huipakia. Moduli ikileta shida, anaweza kuiondoa bila kubadili kiini. Kigali nako vijana waliomaliza masomo ya kompyuta walifundishwa kutengeneza moduli hizo, wasingoje fundi kutoka ng'ambo.

Desemba 2007 ghasia za uchaguzi zikalipuka Kenya. Tarehe 1 Januari 2008, karibu na Eldoret, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto pamoja na watu waliojificha ndani yake. Anayekimbia hivyo hachukui karatasi. Lakini wagonjwa wa AMPATH walikuwa na kumbukumbu ndani ya mashine, na jina lilitosha kuanza kutafuta.

Programu haizuii vita. Hata hivyo, OpenMRS bado hutolewa bure, na yeyote anaweza kusoma jinsi ilivyoandikwa. Kijana wa Bel-Air mwenye kompyuta anaweza kujifunza, hata umeme ukikatika mara kwa mara. Aanze na swali la muuguzi: mtu akifika bila fishi, tutamjuaje?