Faili Linapohama: Kutoka Masijala Hadi Wingu

Ofisi ninazozihudumia Dar es Salaam huniita kwa shida moja kuliko nyingine zote: diski C imejaa, na iliyoijaza ni folda ya wingu, iwe OneDrive, Dropbox au Google Drive. Wanataka ihamie D au kwenye diski ya nje. Nikifika, mara nyingi namkuta katibu muhtasi ameshashika kipanya, tayari kuiburuta. Namwomba asubiri. Tendo hilo dogo lina historia ya zaidi ya miaka hamsini nyuma yake, na ofisi isiyoijua historia hiyo hujikuta inatafuta mikataba na hesabu zake mahali ambapo hazipo tena.

Mimi nilianzia kazi masijala, kabla kompyuta hazijafika mezani petu. Jalada lilikuwa na namba yake, rafu yake, na usoni karatasi ya mwendo: limetoka kwa nani, limekwenda kwa nani, tarehe gani. Ofisa akilifungia kabatini mwake bila kuandika, tulilihesabu limepotea, hata kama kabati lenyewe lilikuwa chumba cha pili. Kumbukumbu ya serikali ni mali ya umma, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ilikuja kulitilia mkazo hilo kwa nguvu ya Bunge. Malezi hayo ndiyo niliyoingia nayo kwenye kompyuta, na yamenifaa kuliko kozi yoyote, kwa sababu programu nyingi za kompyuta hulitambua faili kwa anwani yake. Anwani ikibadilika bila taarifa, kwa programu hizo faili halipo.

Anwani hizo zina asili yake. Mwaka 1965, Robert Daley na Peter Neumann waliandika mpango wa kuhifadhi mafaili ya Multics, mfumo mkubwa uliokuwa ukijengwa Marekani na chuo cha MIT pamoja na washirika wake. Katika mpango huo folda iliweza kubeba folda nyingine ndani yake, ngazi kwa ngazi, na kila faili likatajwa kwa njia nzima ya kulifikia. Unix iliurithi mpangilio huo. Kwenye kompyuta ndogo za ofisini uliingia na MS-DOS 2.0 mwaka 1983. Tangu hapo, anayeandika C, kisha jina la folda, kisha jina la faili, anafuata utaratibu huo wa 1965.

Mambo yalikuwa mepesi faili lilipokaa kwenye kompyuta moja. Ugumu ulianza watu walipotaka kazi ileile ofisini na nyumbani. Wenye umri wangu wanazikumbuka disketi za inchi tatu na nusu, zilizobeba megabaiti 1.44 tu. Ripoti ndefu iligawanywa kwenye disketi tatu, na moja ikiharibika kwa vumbi au joto la ndani ya gari, zilizobaki hazikuwa na maana. Swali la kila Jumatatu asubuhi lilikuwa moja: nakala ipi ndiyo ya mwisho, hii ya disketi au ile iliyobaki mezani? Windows 95 ilijaribu kulijibu kwa kifaa kilichoitwa Briefcase. Uliweka mafaili humo, ukaenda nayo, ukirudi kikalinganisha tarehe za nakala mbili na kukuuliza ipi imfuate mwenzake. Wazo lilikuwa zuri, lakini sikukuta ofisi nyingi zilizolitumia. Watu waliendelea kunakili kwa mkono na kuongeza neno "mpya" mwishoni mwa jina la faili, kisha "mpya kabisa".

Wakati huohuo vyuoni kazi nzito ilikuwa ikifanyika. Chuo cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kilianza mwaka 1987 mradi wa Coda chini ya Mahadev Satyanarayanan. Coda ilimwezesha mtu kuendelea na mafaili ya seva hata mtandao ukikatika, kisha kuyasawazisha ukirudi. Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walitoa rsync, programu inayolinganisha faili la huku na la kule na kutuma vipande vilivyobadilika tu. Kwa nchi zenye laini nyembamba, wazo hilo la pili lilikuwa neema.

Hapo wajenzi wa programu walifika njia panda, na uchaguzi wao unatugusa mpaka leo: programu iyafuate mafaili yalipo, au mafaili yaifuate programu? FolderShare, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2005, ilichukua njia ya kwanza. Ulichagua folda yoyote mahali popote, nayo ikaisawazisha papo hapo ilipo. Njia ya pili ikapata nguvu kwa Dropbox, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Drew Houston na Arash Ferdowsi, na kufunguliwa kwa umma Septemba 2008. Houston amesimulia kwamba wazo lilimjia akiwa ndani ya basi kutoka Boston kwenda New York, baada ya kusahau flashi yake. Dropbox iliweka folda moja tu. Kilichomo kinasawazishwa, kilicho nje hakihusiki. Urahisi huo uliwavuta watu. Google Drive na programu ya mezani ya SkyDrive, ambayo sasa ni OneDrive, zilipotoka Aprili 2012, zote mbili zilifuata njia ya folda moja.

Kwetu zilifika wakati mwafaka. Mpaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano na dunia, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Julai mwaka huo kebo ya SEACOM ilianza kazi, ikiwa na vituo Dar es Salaam na Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ofisi ambayo jana ilituma ripoti Arusha kwa flashi ndani ya bahasha ya basi ikaanza kuiweka kwenye folda, na mwenzao wa Arusha akaiona kwake. Nilishuhudia mabadiliko hayo kwa furaha ya kweli. Mtu wa masijala anajua maana ya jalada kufika siku hiyohiyo.

Ila folda ile moja ilikuja na makazi yake. Bila kuambiwa vinginevyo, programu huiweka ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye diski C. Zilipoingia kompyuta mpakato zenye diski za SSD za gigabaiti 128, wingu likawa kubwa kuliko nyumba. Ndipo watu walipoanza kuhamisha, na ndipo masharti yalipojitokeza. Mwaka 2017 OneDrive ilianza kukataa diski zisizopangwa kwa mfumo wa NTFS, na waliokuwa wameihamishia folda yao kwenye kadi au diski ya exFAT wakakwama. Novemba 2018 Dropbox kwenye Linux ikabaki kukubali diski za mfumo wa ext4 peke yake, kabla ya kulegeza sharti mwaka uliofuata. Kwenye kompyuta za Apple, mabadiliko ya macOS 12.3 mwaka 2022 yalizisukuma huduma hizi kuweka mafaili yake ndani ya folda ya CloudStorage, na watumiaji wengi wakapoteza uhuru wa kuichagulia folda yao makazi kwenye diski ya nje.

Tukio ambalo kila mtunza kumbukumbu anapaswa kulijua ni la Oktoba 2018. Tarehe 2 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 namba 1809. Siku chache baadaye ililisimamisha, kwa kuwa baadhi ya watu walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Kampuni yenyewe ilieleza sababu. Waathirika walikuwa wamehamisha folda zao za Nyaraka, Picha na nyinginezo kwenda mahali papya, wengine kwa mkono wa toleo la zamani la OneDrive, huku mafaili yakibaki kwenye folda ya zamani. Sasisho liliandikwa lisafishe folda za zamani zilizodhaniwa tupu, likafuta na zenye vitu. Microsoft ilisema waliotoa taarifa ni mmoja kati ya kila elfu kumi waliosasisha. Sasisho lilirudi Novemba 13 likiwa limerekebishwa. Mimi nalisoma tukio hilo kwa jicho la masijala: anwani ilibadilishwa, mafaili hayakwenda nayo, na aliyekuja kufagia hakuwa na orodha ya mwendo.

Hatari nyingine iko mikononi mwetu wenyewe. Katika ofisi moja kijana mwenye nia njema aliyatoa mafaili yote ya mradi kutoka folda ya wingu, akayapeleka D ili kupunguza mzigo. Programu ilihesabu yamefutwa. Ikayafuta kwenye wingu, na kwenye kompyuta za wenzake mikoani. Tuliyarudisha kutoka kikapu cha taka cha huduma hiyo kwa kuwa waliniita mapema. Kikapu hicho kina mwisho: Dropbox ya bure hutunza vilivyofutwa kwa siku 30, OneDrive binafsi siku 30, na ile ya kazini siku 93. Baada ya hapo hakuna wa kumwomba.

Kwa hiyo nawaambia wakuu wa ofisi na makatibu muhtasi. Kabla ya kuhama, hakikisheni usawazishaji umekamilika, na mfungue wavuti ya huduma mjionee mafaili yapo. Angalieni alama ya wingu kando ya majina. Tangu 2017 OneDrive huweza kuonyesha faili ambalo halijashuka kwenye diski, na faili la namna hiyo lisipopakuliwa kwanza hamna nakala yake. Kisha wekeni nakala kamili kwenye diski ya nje, nje kabisa ya folda inayosawazishwa. Baada ya hapo ndipo programu yenyewe iambiwe: kwenye Dropbox mahali pa folda hubadilishwa ndani ya mipangilio yake; kwenye OneDrive hutenganishwa akaunti, folda ikahamishwa, kisha mtu akaingia upya na kuchagua mahali papya. Folda ya zamani isifutwe mpaka mpya imefunguliwa na kukaguliwa.

Na muandike. Tarehe, folda ilikotoka, ilikokwenda, jina la aliyehamisha. Mstari mmoja daftarini unatosha, na ofisa atakayekuja baada yenu atajua pa kuanzia. Usawazishaji hupeleka kila badiliko kila mahali, kosa na sahihi kwa pamoja. Hauwezi kuwa hifadhi yenu ya pekee. Ofisi inayotegemea wingu bila nakala ya pembeni haijahifadhi kumbukumbu zake.