Surua Ukambani, na mtoto asiyeweza kuchanjwa

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Kenya na Uholanzi walifuatilia afya ya akina mama na watoto huko Matungulu na Mbiuni, katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, Ukambani. Wasaidizi wao walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili wakiuliza nani anakohoa, nani ametokwa na vipele. Surua ilikuwa ikiwapata karibu watoto wote, wengine kabla hata ya kutimiza mwaka. Uchunguzi wa damu uliofanywa nchini miaka hiyo ulionyesha kwamba kinga ambayo mtoto hupewa na mama hufifia mapema, na chanjo ikapangiwa miezi 9. Naona historia hii inamhusu hasa mtoto ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria wakati huo: mwenye lukemia, yaani saratani ya damu.

Dawa za lukemia huua pia chembe nyeupe zinazopambana na virusi. Vipele vya surua huletwa na chembe hizo zikiwa kazini, ndiyo maana mgonjwa aliyeishiwa nazo anaweza kufa kwa nimonia ya surua bila kipele hata kimoja. John Enders na wenzake walithibitisha jambo hilo Marekani mwaka 1959. Chanjo yenyewe ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mtoto mwenye lukemia hapewi akiwa kwenye matibabu. Kinga yake imo katika miili ya watoto wa jirani.

Wapo wanaosema wazee waliugua surua wakapona, wakapata kinga ya maisha. Ni kweli kwa waliopona, lakini kinga hiyo ilipatikana kwa virusi kuzunguka kijijini bila kukoma, na mtoto dhaifu hakuwa na pa kujificha. Wengine watasema daktari anaweza kumdunga mtoto huyo kingamwili ndani ya siku 6 baada ya kukutana na mgonjwa wa surua. Anaweza, ila surua huambukiza siku 4 hivi kabla ya vipele kuonekana, na familia ya Mwingi au Kibwezi, huko huko Ukambani, huenda ikajua ikiwa imechelewa, hospitali kubwa ikiwa Nairobi. Ndiyo maana dozi ya pili ya chanjo, ya miezi 18, iliyoanza 2013 na ambayo wazazi wengi huisahau, ina uzito: surua huzuiwa kuenea pale tu takriban asilimia 95 ya watu wanapokuwa na kinga.