Rovu, Chumvi na Kufuli ya Akili

Katika mabonde ya milima ya Alps, huko Uswisi, zamani walikuwapo watu wengi wenye rovu. Miongoni mwao walizaliwa watoto waliodumaa, viziwi, wasioweza kusema. Wapita njia waliwacheka, wakisahau kwamba hujafa hujaumbika. Kumbe kosa lilikuwa la udongo, usio na madini joto ya kutosha.

Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, katika majivu ya mwani. Mwaka 1820 Jean-François Coindet, daktari wa Geneva, alianza kuyatumia kutibu rovu. Lakini wengine walipewa kupita kiasi wakadhurika, na dawa ikaogopwa. Ikapita karne nzima ndipo madaktari Otto Bayard na Hans Eggenberger wakaonyesha kwamba chembe chache tu ndani ya chumvi zinatosha. Mwaka 1922 chumvi hiyo ikaanza kuuzwa, na watoto wa namna ile wakazidi kupungua.

Dawa ilitangulia, maelezo yakafuata. Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni. Mwaka 1986 makundi mawili ya wataalamu, la Björn Vennström na la Ronald Evans, yalionyesha kuwa homoni hiyo ina kipokezi chake ndani ya kiini cha seli, palipo na jeni. Kipokezi ni kufuli, homoni ni ufunguo. Ufunguo ukifika, jeni huamka: seli za ubongo wa mtoto huenda mahali pake, huota matawi, na nyuzi zake huvikwa utando wa mafuta unaoharakisha habari. Usipofika, kipokezi hakikai bure. Huzikandamiza jeni zile zile. Na kufuli yenyewe yaweza kuharibika. Mwaka 2012 madaktari walieleza habari za mtoto mwenye homoni karibu ya kutosha, ila kipokezi kimoja kilikuwa na kasoro. Naye alidumaa.

Nikisoma haya huwakumbuka akina mama. Si wa Uswisi peke yao. Hata kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, upungufu huo uliwalemaza watoto wengi, na muhogo usioandaliwa vizuri ukauzidisha. Ni wangapi waliosingiziwa laana, uchawi au uzembe, na kumbe kilichokosekana ni chembe ya chumvi?